Kitenge cha barabara ya Sake

Goma, Jumapili jioni

Dada yangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema wanawake wa lupango, wenzako wa ua mnaokaa pamoja, walimcheka yule mama mgeni kwa namna anavyoongea, nawe ukacheka, na tangu siku hiyo hulali vizuri. Unaniuliza kama Lubumbashi imekuharibu roho. Hapana, dada. Umekaa huko miezi minne bila mtu wa kukugongea mlango. Siku walipokuita ukae nao kivulini, uliogopa kurudi ndani peke yako. Hofu hiyo naijua.

Unakumbuka somo la saikolojia, siku mwalimu alipotueleza jaribio la Stanley Schachter, yule Mmarekani, aliloliandika kitabuni mwaka 1959? Wasichana wa chuo kikuu waliambiwa watapigwa umeme utakaowauma. Wengine wakaambiwa hautawauma hata kidogo. Kisha wakaulizwa kama wangependa kungoja peke yao au na wenzao. Kati ya 32 waliotishwa, 20 walitaka wenzao. Kati ya 30 wasiotishwa, 10 tu. Umeme wenyewe hakuna aliyepigwa. Baadaye Schachter akaona kwamba mwenye hofu hatafuti mtu yeyote tu, anamtaka yule anayengojea umeme uleule. Sisi tuliandika kwenye daftari, tukafaulu mtihani, basi. Mimi nililielewa tarehe 27 Mei 2021.

Volkano yetu ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka Jumamosi ya tarehe 22, ardhi ikawa inatetemeka mchana na usiku. Alhamisi asubuhi tukaambiwa tuondoke, mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Barabara ya Sake ilijaa hata huwezi kuinama kufunga kiatu: chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, zenye magodoro, mbuzi, wazee wamebebwa mgongoni. Mbele yangu nikamwona jirani yetu, yule tuliyegombana kwa ajili ya zamu ya maji bombani, mwaka mzima hatusalimiani. Hakusema kitu. Alifungua kitenge chake, akafunga ncha moja kwenye mkono wa mtoto wake, nyingine kwenye mkono wa mwanangu, wasipoteane. Tulitembea hivyo zaidi ya kilomita 20, na usiku tukalala godoro moja, watoto katikati.

Lakini sitaki nikuandikie uzuri wake tu. Likirimba yetu, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu, unaijua, tuko wanawake 12. Mjane mmoja alikosa kutoa mara mbili, wenzetu wakasema aondolewe. Mtoto wake alikuwa amelazwa. Nilijua, maana nilimpelekea uji wodini kwa mikono yangu. Na nilinyamaza, dada. Nilitazama kikombe changu cha chai hadi wakamaliza kupiga kura, kwa sababu nilijiuliza: wakinigeukia na mimi, siku ya msiba nani atakuja kukaa chini nami? Ile njaa ya kuwa na watu, iliyonifanya nishukuru kwa kitenge, ndiyo iliyonifunga mdomo.

Miezi miwili baadaye nilienda kwake na kilo ya sukari. Aliipokea mlangoni, akashukuru kwa adabu, na hakunipa kiti. Unajua kwetu mgeni kutopewa kiti maana yake ni nini.

Kwa hiyo nakuomba usingoje kama mimi. Kesho asubuhi mgongee yule mama. Usianze na kuomba msamaha, utamtisha. Mwambie hujui bado unga mzuri wa bukari, wa ugali, unapatikana wapi, mwende pamoja kuutafuta. Ninyi wawili mnangojea umeme uleule. Msamaha utakuja njiani, mkiwa na mizigo kichwani. Wenzako wa lupango wakinuna, niandikie, nitakuwa nanyi wawili moyoni.

Jirani yangu wa bomba hatujawa marafiki, nisikudanganye. Ila juzi usiku ardhi ilitikisika kidogo, nikatoka na tochi, naye alikuwa ameshatoka, mtoto mgongoni. Tulisimama pale kwenye ua mpaka ikatulia. Alipoingia ndani akasema, "Haya, mama, ulale salama."

Wako daima,
Dada yako wa Goma