Salamu za shukrani: Baba amerudi Tumbe

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillah. Sisi watoto, mama, ndugu na wajukuu wa mzee wetu wa Tumbe, Pemba, tunawashukuru nyote mliotushika mkono katika maradhi yake na katika mchango tuliouomba.

Pua yake ya kushoto iliziba tangu kusi. Tulipewa dawa ya mafua, kisha ya matone, kisha tukaambiwa ni nyama za pua. Miezi saba. (Waliosema ni hasadi ya madema yake, mitego yake ya samaki, tumewasamehe, baadhi yao walichanga kuliko sisi wenyewe.) Usiku aliotokwa na damu ikarowesha kanga nzima, mama akaanza kumsomea Yasini, ndipo tulipokubali kuvuka.

Dar es Salaam kinyama kikanyofolewa, kikapimwa, likaja jina lililotushinda kulitamka: plasmasitoma. Ni saratani ya chembe zinazotengeneza kingamwili. Makao yake ni uboho wa mifupa, lakini za baba ziliota nje, puani. Ni nadra, na nyingi zinazoota nje hivyo huota kichwani na shingoni. Ila ilibidi achomwe sindano ya nyonga, utolewe uboho, maana zingekutwa zimeenea na huko, basi maradhi ni mengine, makubwa zaidi. Siku tisa za kungoja. Hakuna aliyelala, na aliyesema amelala alikuwa anaongopa. Majibu yakaja: uboho safi. Mama alisujudu pale pale ukumbini, watu wanapita.

Ikabaki mionzi, wiki 5, siku 5 kila wiki, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, na sisi mfukoni hatuna hata nauli ya kurudia. Mkatufikia.

Bibi yetu muuza vitumbua, ulifungua upindo wa kanga ukatoa elfu ishirini, ukasema hiyo ni ya unga wa kesho. Hatutaisahau mpaka tuingie kaburini. Dada yetu wa Temeke, ulimlaza baba chumbani mwako, wewe na wanao mkalala sebuleni, wiki zote tano. Na daktari wetu: baba alipofungwa uso kwa ile barakoa ya mionzi, ya matundu matundu, akasema, "Leo nimeingia dema mwenyewe," ukacheka naye, ukamshika mkono mpaka akatulia.

Madaktari na wauguzi wa Unguja na Dar, sheha, imamu na maamuma, wavuvi wa diko letu, wachuma karafuu, walimu wa skuli, mabaharia wa boti, jamaa wa Oman, majirani mliotulishia mbuzi: Jazakumullahu khayran.

Kwa tusiowataja, tunaomba radhi, tena radhi sana. Daftari la mchango lilirowa maji ya chumvi kwenye mkondo wa Nungwi, kurasa nne zimefutika. Atakayeona hakutajwa asidhani amedharauliwa, atupigie, atugombeze.

Baba anapumua kwa pua zote mbili. Atarudi kliniki kila miezi mitatu, kwa kuwa maradhi haya huweza kurejea au kuingia ubohoni miaka ya mbele. Mzidishe dua.

Na wewe uliyesukuma bahasha chini ya mlango baada ya Isha, bila jina: imefika. Ndiyo iliyolipa boti ya kumrudisha.

Familia, Tumbe, Pemba