Bango limestawi, miche imekauka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu ruzuku za mazingira zinazotolewa kwa vikundi vya huku mlimani Kilimanjaro.

Juu kidogo ya chemchemi yetu, Kibosho, limesimama bango la bati lenye jina la mradi, jina la mfadhili na mwaka. Liko imara, maana nguzo zake zilimwagiwa zege. Miche iliyopandwa kulizunguka, iliyo hai leo haifiki hata robo. Mimi ni katibu wa kikundi kilichoipanda, kwa hiyo simsingizii mtu.

Ilikuwa hivi. Tulipeleka andiko la kuomba ruzuku mwezi wa tisa, tukitaraji fedha zifike kabla ya masika. Likarudishwa mara tatu. Mara muhtasari wa kikao hauna mhuri wa kijiji, mara katiba ya kikundi haisemi mali itakwenda wapi kikundi kikivunjika, mara akaunti ina watia saini wawili na wao wanataka watatu. Masika yakaja, yakaondoka. Fedha ziliingia mwishoni mwa Juni, na mkataba unadai ripoti ya mwisho, yenye picha, Septemba. Mkulima yeyote wa huku anajua Julai na Agosti ni baridi na ukungu usiolowesha shimo, na Septemba jua linaanza kukaza. Tukaomba tusogeze hadi vuli. Tukajibiwa kwamba mwaka wao wa fedha hauruhusu. Basi tukapanda Agosti, tukapiga picha, tukatuma ripoti. Barua ya pongezi ninayo kwenye faili mpaka leo.

Katika bajeti ile kulikuwa na viriba vya kuoteshea miche, mbegu, nauli ya wageni, chakula cha siku ya uzinduzi na fulana. Hakukuwa na shilingi ya mtu wa kumwagilia mwezi uliofuata upandaji, wala ya kuzungushia miche miiba ili mbuzi wasiifikie. Niliuliza jambo hilo kwenye semina, nikaambiwa kazi hiyo inahesabiwa kuwa mchango wa jamii. Mchango wa jamii! Mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukata majani ya ng'ombe wa zizini, akashinda kihambani, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani, ndiye huyo huyo abebe ndoo jioni akamwagilie mringaringa wa mradi, bila hata hela ya sabuni.

Ninachoomba kwa wanaotoa ruzuku, wawe wa serikali au wa nje, ni kwamba fedha zifuate mti. Mringaringa au mruka ukipandwa Aprili unahitaji mkono wa mtu kiangazi cha kwanza, cha pili, na mara nyingi cha tatu. Fedha ile ile tuliyopewa kwa miezi michache ingegawanywa kwa miaka mitatu, kipande cha kwanza kikafika Januari, na cha mwisho kikatolewa baada ya mtu kuja kuhesabu miche iliyoshika, kikundi chetu kingepanda michache na kuitunza yote. Tulivyo sasa, tunashindana kwa idadi ya mashimo.

Nasikia watu wakisema vijijini hakuna utamaduni wa kutunza. Waje watembelee mfongo mmoja tu, yaani mfereji wetu wa asili wa maji. Wachagga walichimba mifongo kuteremsha maji kutoka korongoni hadi vihambani kabla neno mradi halijasikika huku, na ipo inayotiririka hadi leo. Ina kamati yake, ina zamu za maji, na siku ya kuzibua kila nyumba hutoa mtu. Asiyetokea hulipa faini, na asipolipa, zamu yake inarukwa. Hakuna aliyewahi kuwagawia fulana. Lakini kamati ya mfongo ikiomba ruzuku inaulizwa cheti cha usajili, hati za ukaguzi wa hesabu na andiko la Kiingereza. Wazee wanacheka wanarudi nyumbani, na sisi tuliojua kuchapa tunasajili kikundi wiki ile ile tangazo lilipotoka.

Na haya si mageni. Mwaka 2000 Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulifungua dirisha maalumu kwa jamii zinazoishi pembeni ya maeneo ya urithi wa dunia, na Kilimanjaro ukawamo, kwa kuwa mlima huu uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1987. Miongoni mwa kazi zilizofanyika ni kukarabati mifongo na kufuga nyuki. Naupenda mfano huo kwa sababu mfongo ukikarabatiwa una mwenyewe siku inayofuata. Mzinga nao una anayeurudia, asali inamwita.

Wapo watakaouliza kwa nini mkulima wa Kibosho alipwe kutunza mti wa ukingo wa mto wake mwenyewe. Naomba wafuate maji. Yakitoka huku yanakutana na yale ya Mto Kikuletwa yanayotoka Meru, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanashuka Mto Pangani hadi kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mvuvi wa bwawani na anayewasha taa Tanga wanakula jasho la aliyeacha kulima ukingoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Katika kihamba chenye upana wa hatua chache, mita 60 ni kihamba chote, na pengine na cha jirani.

Tukumbuke pia kwamba huko juu milango imefungwa. Msitu wa Nusu Maili, ukanda wa msitu ulio juu ya vijiji vyetu, ulitengwa mwaka 1941 ili watu wa mlimani wapate kuni na majani na wautunze wenyewe. Ulipounganishwa na hifadhi ya taifa, miti ya kihambani na ya kingo za mito ikabaki ndiyo ghala letu la kuni. Ndiyo sababu mche wa mradi uliokauka unatuuma kuliko unavyomuuma aliyetoa fedha.

Ndugu zetu wa Upareni wana jambo la kuonea wivu. Milima yao imo katika Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale yenye misitu, ambalo lina mfuko wake wa uhifadhi wenye makao Morogoro. Mtaji umewekezwa, hauguswi, kinachotumika ni faida yake. Mfuko wa namna hiyo hauna haraka ya Septemba. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, hauhesabiwi katika tao hilo, kwa hiyo sisi tunapanga foleni kwenye Mfuko wa Misitu na kwa wafadhili wa nje. Kwa mlima unaoingiza fedha za watalii kama huu, halmashauri zinazouzunguka zikae na hifadhi zione kama mtaji wa aina hiyo hauwezekani, hata ukianza mdogo.

Na sisi wa vikundi tusijifanye malaika. Kuna vikundi vya mkobani, mwenyekiti na mhasibu wanalala nyumba moja. Kikundi chetu kilitumia muda mwingi kubishana rangi ya fulana kuliko kupanga nani atamwagilia Jumapili. Mfadhili akituhesabia miche hai, aibu hiyo itatufika mahali pake.

Safari hii hatukusubiri. Tumeotesha miringaringa na mikuyu kwa mbegu za kuokota, kitalu kiko nyuma ya nyumba ya mweka hazina, na kamati ya mfongo imekubali kuweka umwagiliaji kwenye zamu zake. Miche imefika magotini. Andiko la kuomba waya wa uzio na posho ya mlinzi wa miaka miwili lilipelekwa Oktoba. Juzi limerudi, wanataka mhuri.

Katibu wa kikundi cha mazingira,
Kibosho, Moshi