Wauzaji wa mtandaoni, onyesheni sura zenu, fichieni wateja namba zao

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaouza nguo, vipodozi na vyombo kupitia Instagram na WhatsApp.

Mteja wa Mwanza anatuma hela Kariakoo kwa mtu asiyemfahamu, kwa hiyo ana haki ya kujua ni nani. Ukurasa usio na sura wala sauti ya mwenye duka hauuzi. Weka uso wako, jina unalotumia kazini, mtaa, namba ya fremu na saa za kufungua. Eleza kwa nini kitenge hiki kinachuja na kile hakichuji. Hayo yanaleta mteja, na tapeli hapati pa kushikia.

Kinachotuponza ni ule "ushahidi" tunaoposti kila jioni. Chukua picha ya boksi linalokwenda stendi. Juu yake pameandikwa kwa maka pen jina la mteja, mkoa na namba ya simu. Anayeiona anajua nani anasubiri nini, kutoka duka gani, na siku gani. Anampigia mteja kabla yako: "Mzigo wako umefika, tuma elfu tano ya kuushusha." Mteja anatuma, kwa sababu mengine yote aliyotajiwa ni kweli. Piga picha kabla hujaandika juu ya boksi, na risiti ya basi mtumie mwenyewe peke yake. Bei, ambayo kila mtu anaiuliza, tunaificha kwa "njoo inbox", halafu namba ya mteja tunaianika!

Picha ya ujumbe wa malipo ni mbaya zaidi: ina jina la mlipaji, namba ya muamala na salio lako. Wengi hupaka rangi juu yake kwa kalamu ya simu, lakini ile ya kukolezea maandishi haizibi. Mtu akiongeza mwangaza wa picha, namba zinasomeka. Kata sehemu hiyo kabisa au ifunike kwa kiboksi cheusi. Pia umempa tapeli mfano wa kutengenezea "Umepokea" ya bandia, neno kwa neno, kwa hiyo angalia salio kwenye menyu yenyewe kabla hujatoa mzigo. Na tukumbuke ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mteja alikupa namba ili mzigo umfikie, si ili utangazie duka.

Kwa upande wetu wenyewe, keki ya siku ya kuzaliwa ina hatari yake. Tarakimu 8 za kwanza za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, na wengi wameufanya mwaka huohuo kuwa namba ya siri ya kutolea pesa. Ukitaka kusherehekea na wateja, sherehekea siku duka lilipofunguliwa. Watoto waliovaa sare za shule wasiwekwe kwenye ukurasa wa duka.

Kwenye WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke PIN ya tarakimu 6. Bila hiyo, anayekurubuni umsomee namba iliyoingia kwa SMS anaiteka akaunti na kuanza kuwakopa wateja kwa jina lako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; ujumbe wa kitapeli upeleke 15040.

Status hufutika baada ya saa 24, lakini zile tulizobandika juu ya ukurasa wa Instagram kwa jina la "Mizigo" au "Wateja" zinakaa hadi tuzitoe. Tuanze na hizo leo: tufungue moja moja, na kila yenye namba ya mtu tuifute.

Muuza vitenge mtandaoni,
Dar es Salaam