Kiswahili kibovu si dalili tosha ya utapeli wa urithi

Kwa Mhariri,

Ushauri unaotolewa mara kwa mara kuhusu barua pepe za urithi wa uongo ni kwamba hujifichua zenyewe kwa uandishi wake mbovu. Kwa kuwa kazi iliyonilisha hapa Nairobi kwa miaka mingi ni kusahihisha prufu, ningependa kuukubali ushauri huo, maana ungenifanya mimi na wenzangu kuwa walinzi wa taifa, japo bila nyongeza ya mshahara. Lakini yaliyomkuta jirani yangu mtaani Umoja yamenifanya niutilie shaka.

Jirani huyo, mama mjane anayeuza mitumba Gikomba, alinijia jioni moja akiwa na karatasi aliyochapishiwa kwenye saiba, akitaka nimsaidie kuandika jibu la heshima. Barua yenyewe ilianza hivi, nami nakuomba, Mhariri, usiguse hata nukta: "Wapendwa Mpenzi, natumaini barua hii inapata wewe vizuri. Mimi ni mwanasheria wa kibinafsi hapa London kwa marehemu mteja wangu, mfanyabiashara wa Kenya ambaye anashiriki jina la mwisho na wewe, alikufa katika ndege ajali pamoja na mke na mtoto pekee, akiacha dola 8.6 milioni katika benki Nairobi bila yoyote jamaa ijayo."

Nilibaki nikiikodolea macho hiyo "jamaa ijayo" kwa muda kabla sijang'amua kwamba ni msamiati wa kisheria wa Kiingereza, "next of kin", unaomaanisha ndugu wa karibu wa marehemu, uliotafsiriwa na mashine neno kwa neno hadi ndugu wa karibu akawa jamaa ambaye bado yuko njiani. Mengine hayakuhitaji kutafutwa: salamu inayoanza kwa wingi na kuishia kwa umoja, "ndege ajali" iliyopinduliwa, na wakili anayemwita mjane asiyemjua "mpenzi" katika barua ya kwanza.

Nilimwonyesha mama makosa hayo moja baada ya jingine, nikidhani kazi imekwisha. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, hata mimi niliona ni Kiswahili kibaya. Lakini mzungu wa London akijikaza aniandikie Kiswahili, ulitaka aandike vipi?"

Sikuwa na jibu. Kwake yeye makosa hayo yalikuwa ushahidi kwamba mwandishi ni mgeni wa kweli aliyejitahidi, tena kwa heshima. Katika jiji hili tumezoea kumsamehe kila mtu Kiswahili chake, kuanzia mkubwa wa ofisi hadi mhubiri wa kwenye basi, na ni vigumu kumwambia mtu kwamba kosa analolisamehe mchana kutwa aligeuze kengele ya hatari akifika kwenye barua pepe.

Kuna hoja nyingine inayonishawishi zaidi. Mwaka 2012 mtafiti Cormac Herley wa kampuni ya Microsoft alieleza kwamba upuuzi wa barua hizi, pamoja na ile tabia ya kuitaja waziwazi Nigeria, nchi ambayo watu wamezoea kuihusisha na utapeli huu, una faida kwa anayezituma. Kutuma barua kwa watu milioni moja hakumgharimu karibu chochote, ila kujibizana na kila anayejibu humla muda, na kwa hiyo anaona heri barua iwafukuze mapema wote wenye shaka, abaki na wale wachache watakaovumilia hadi kulipa. Kwa hesabu hiyo makosa ni chekeche. Sisi tunaoyacheka tumeshapepetwa, na kicheko chetu hakimpunguzii tapeli kitu.

Hila yenyewe, kwa kweli, ni kongwe kuliko intaneti. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipokea barua za karatasi kuhusu mfungwa tajiri aliyezuiliwa Uhispania, ambaye angegawana hazina yake na yeyote atakayelipia gharama za kumwokoa. Jina la 419, ambalo wengi huupa utapeli huu, limetokana na kifungu cha 419 cha sheria ya jinai ya Nigeria.

Basi nikaiacha sarufi, nikamuuliza mama maswali ya nyumbani. Huyo marehemu wa ukoo wenu mwenye mamilioni ya dola alizikwa wapi? Nani alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi? Umewahi kuona Mkenya akifa kwenye ndege, na mke na mtoto, halafu pasiwe na matanga wala mchango? Hapo alianza kutabasamu. Tukaingia kwenye hilo "jina la mwisho", ambalo huenda likawa na maana kwa Mwingereza lakini kwetu halithibitishi undugu: majina kama Wafula na Okoth hupewa watoto waliozaliwa msimu wa mvua, na mvua hunyeshea koo nyingi.

Halafu nikamweleza jinsi mirathi inavyoendeshwa hapa nchini chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Ndugu wa mtu aliyekufa bila wosia huanza kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwataja warithi wote. Ombi hupelekwa mahakamani, na kwa wengi wetu wa Nairobi ni Milimani. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Hata baada ya msimamizi kuteuliwa, kwa kawaida miezi sita hupita kabla mahakama haijathibitisha mali igawanywe. Shughuli hii huwachosha watu na kuwagombanisha, lakini hufanywa hadharani, wala hakuna hatua inayotimizwa kwa kutuma ada kwa namba ya simu ya mtu usiyemjua. Fedha zilizolala benki bila mdai zina mamlaka yake ya serikali, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo haimtozi mdai ada.

Siku tisa baadaye ilikuja barua ya pili. Iliandikwa kwa Kiswahili safi kabisa: "Nakusalimu kwa heshima na taadhima, Bibi, nikitumai kwamba u mzima wa afya." Nikaisoma mara tatu kwa jicho la kazini, nikaambulia koma moja tu iliyokaa vibaya. Siku hizi programu za kompyuta huandika hivyo kwa sekunde chache, na laiti mama angekuwa ameshika somo langu la makosa peke yake, barua hiyo ingemshinda. Lakini dai la shilingi 18,500 za "hati ya kiapo" lilikuwamo, aya ya mwisho, pamoja na namba ya kuzituma.

Mama hakuhitaji tena msaada wangu. Aliandika jibu mwenyewe, la mstari mmoja, akiuliza ni chifu wa lokesheni gani aliyeandika barua ya warithi. Sasa ni wiki ya tatu, naye bado anasubiri.

Msahihishaji prufu,
Umoja, Nairobi