Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka 2025 ya chama chetu cha watungaji wa visa vya michezo ya kuigiza wahusika, yaani michezo ya mezani ambayo kila mchezaji huwa mhusika katika hadithi. Mafunzo ya uhariri yalifanyika, shindano la visa vifupi lilifanyika, usiku wa kucheza na wageni ulifanyika kila robo mwaka, na picha mliziona kwenye kundi la WhatsApp. Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kamati wa kutouza kitabu chetu cha pamoja kupitia DMs Guild, duka la mtandaoni linalouza visa vya watungaji huru.

Najua uamuzi huo umesemwa sana, hata na wale ambao hawakuhudhuria kikao kilichoupitisha. Wanaoupinga wanasema kwamba DMs Guild, iliyofunguliwa mwaka 2016, ndiko wanakonunua wachezaji wa Dungeons & Dragons, na kwamba huko tungeruhusiwa kutumia miji na wahusika wa Forgotten Realms (ulimwengu wa kubuni wa mchezo huo), ambao nje ya hapo hatuna haki ya kuwagusa. Hayo ni kweli. Lakini kwa kitabu cha dola 10 mtungaji hupata dola 5, na kitabu kikishaingia humo hakiuzwi tena kwingine. Zaidi ya hayo, mkataba wake unawaruhusu watungaji wengine wa jukwaa hilo, pamoja na kampuni yenyewe ya Wizards of the Coast inayoumiliki mchezo huo, kutumia tulichobuni katika kazi zao bila kutulipa. Kisa chetu kinatokea kwenye visiwa tulivyovibuni sisi, penye nahodha asiye na kivuli na koo za majini zinazogombea forodha, na hatukuihitaji Forgotten Realms hata kwa jina la mtaa mmoja. Sikuona, na bado sioni, sababu ya kulipa kodi ya nyumba tusiyolala.

Wapo pia waliouliza kama kanuni za mchezo tunazitumia kihalali. Tunazitumia kihalali. Mtakumbuka kwamba Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya ya kampuni hiyo, iliyokusudia kuibatilisha leseni huria ya mwaka 2000 iliyowaruhusu watungaji wa nje kutumia kanuni za mchezo, na kutoza asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000, kiwango ambacho, kwa hali ya hazina yetu, hakikupaswa kumnyima mwanachama yeyote usingizi. Wachezaji na watungaji walikuja juu, na tarehe 27 ya mwezi huohuo kampuni ilirudi nyuma, ikaiweka hati ya kanuni za msingi, toleo la 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons ambayo haiwezi kubatilishwa kwa anayefuata masharti yake. Aprili 2025 toleo la 5.2 likatolewa kwa leseni hiyohiyo. Sharti kuu ni kutaja chanzo kwa maneno yaliyoelekezwa, na maneno hayo yapo katika ukurasa wa pili wa kitabu chetu, ambako niliyaweka mimi mwenyewe baada ya rasimu mbili za wahariri kupita bila kuyajumuisha.

Kuhusu DriveThruRPG, duka la mtandaoni tunakouzia, tulichagua mkataba usio wa kipekee, unaotupa asilimia 65, badala ya ule wa kipekee wa asilimia 70, ili kitabu kipatikane pia itch.io, duka jingine la mtandaoni, ambako muuzaji hujipangia mgawo wa jukwaa na sisi tuliacha asilimia 10 ya kawaida. Nakala 184 zilizouzwa DriveThruRPG zilituletea dola 1,196, na nakala 73 za itch.io dola 657, kabla ya makato ya malipo, yaani jumla ya dola 1,853. Nakala hizohizo 257 zingeuzwa DMs Guild tungepata dola 1,285. Nimeambiwa kwamba huko tungeuza nyingi zaidi. Huenda, ila tangu Machi namwomba anayesema hivyo alete hesabu yake, na hadi ninapoandika taarifa hii sijaiona. Matumizi yalikuwa dola 1,490 kwa ramani, uhariri, jalada na moduli ya Foundry (kisa chetu kilichoandaliwa kwa programu ya kuchezea mtandaoni), na vielelezo vyote viko kwa mweka hazina.

Moduli hiyo imechelewa, na lawama haiwezi kuwa ya kamati peke yake. Foundry hununuliwa mara moja na mwongoza mchezo na wachezaji wake hawalipi kitu, lakini kazi ya kuandaa kisa kwa ajili yake ni kubwa, kwa kuwa kila ukuta wa ramani lazima uchorwe upya ili programu ijue mchezaji anaona wapi na haoni wapi. Katika jaribio la Septemba, ukuta wa nyumba ya tajiri ulikuwa na mwanya mdogo kando ya mlango, na mchezaji aliyesimama barazani na taa yake akaliona sanduku la dhahabu kabla hata hajapiga hodi. Waliojitolea kukagua ramani walikuwa saba. Waliokagua ni wawili, nami nikiwa mmoja wao.

Hali hiyo ndiyo ya mikutano na ada pia. Mkutano mkuu uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, ingawa tulichagua saa inayowafaa walioko Mombasa, Dar es Salaam na Toronto. Kati ya wanachama 41, waliolipa ada ya dola 20 ni 13, yaani dola 260, na bakaa yetu yote ni dola 623. Inasikitisha kwamba baadhi ya wanaodai mgawo wa kitabu hawamo kati ya hao 13. Kamati imeazimia kwamba mgawo utatolewa kwanza kwa waliolipa ada, na najua hilo nalo litasemwa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kutoa kitabu cha pili, hali ikiruhusu. Wanaouliza kuhusu D&D Beyond, tovuti rasmi ya mchezo huo, ambayo inauza pia kazi za wachapishaji wengine kama Kobold Press, waelewe kwamba huko mtu hajipakilii kitabu chake na kuanza kukiuza, bali huingia kwa makubaliano na kampuni. Tutaandika barua wakati utakapofaa. Ada za 2025 bado zinapokelewa na mweka hazina.

Mwenyekiti