Njoo hata mikono mitupu

Marangu, 28 Novemba

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimeshika, migomba imejaa, na baba yako anahesabu siku za wewe kufika.

Jana kwenye simu ulisema umevunja kibubu, na kwamba tarehe 23 utapanda basi na fedha zote mkononi ili safari hii usije nyumbani kihambani kama mtu aliyeshindwa mjini. Nilikuitikia tu, halafu usiku sikupata usingizi. Kuna jambo sijawahi kukusimulia, na nimeona heri ulijue kabla hujafunga begi.

Mwaka 2001 nilikuwa nauza duka la mtu Dar es Salaam. Mabasi ya mikoani wakati huo tulipandia Ubungo, siyo Mbezi kama ninyi sasa. Akiba ya miezi kumi na moja niliitia kwenye mfuko nilioushona ndani ya sketi. Aliyekaa jirani yangu alikuwa mama wa heshima, amejifunga kitenge, ana mtoto mgongoni. Tulizungumza tangu Chalinze. Korogwe akanunua karanga tukala pamoja. Tulipopita Mombo akanimiminia juisi kutoka kwenye chupa yake, nami nikaona vibaya kuikataa. Nilizinduka tumefika Mwanga, kondakta ananitikisa, kinywa kimekauka, sketi imechanwa kwa wembe. Yeye na mtoto wake walikuwa wameshashuka.

Nilipofika Njia Panda ya Himo nilikaa chini ya mti mpaka giza likaingia, kwa kuogopa kuonwa na watu. Bibi yako nikamdanganya kwamba tajiri hajanilipa. Hakuniuliza zaidi, alinipakulia mtori. Polisi sikwenda, kondakta sikumwambia, hata baba yako nimemsimulia jana usiku kwa mara ya kwanza. Ninachojuta leo si zile fedha. Ninajuta kwamba nilinyamaza, na yule mama akapata nafasi ya kukaa jirani na binti mwingine.

Kwa hiyo fedha usibebe. Ziache kwenye simu au benki, utazitoa huku. Na zawadi za nini kutoka huko? Sukari, mafuta na mchele vinauzwa Himo, nguo zimejaa soko la Memorial pale Moshi. Kila Desemba watu wanabanana Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kununua vitu ambavyo wangevipata nyumbani, na vibaka wanaujua msimu huo kuliko wenye maduka. Kama ni lazima uende, nenda asubuhi wiki hizi za mwanzo, begi lako likae mbele, na simu usiitoe barabarani. Wale wa pikipiki wanaopora wanapita mara moja tu. Akilivuta begi, liachie. Nakuomba sana, mama, liachie. Watu wameburuzwa kwenye lami kwa ajili ya mkoba.

Tiketi kata sasa hivi. Wiki ya Krismasi viti huadimika, na hapo ndipo mpiga debe anapokuuzia karatasi ya basi lisilokuwepo. Katia dirishani ofisini au kwa mtandao wa kampuni yenyewe, uhakikishe ina jina lako, namba ya kiti na namba ya basi. Nauli elekezi hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo ukidaiwa zaidi uliza kwa sauti abiria wengine wasikie. Alfajiri ukitoka Kimara usipande boda yoyote tu, mwite kijana wa kijiweni kwenu unayemfahamu na ukubaliane naye jioni yake. Chakula na maji beba vyako. Atakayekukaribisha, mshukuru na useme umeshiba, hata kama ni mzee, hata kama ana mtoto. Adabu niliyokufundisha haivunjiki kwa hilo.

Chumba chako nacho kinanitia wasiwasi. Dar nzima inajua Wachaga wanapanda mlimani mwezi huo, na wavunjaji wa nyumba wanajua zaidi. Usiweke picha za safari kwenye status mpaka urudi. Mweleze mwenye nyumba na yule jirani anayebaki, mjumbe naye ajue, na ufunguo usiufiche juu ya mlango wala chini ya zulia.

Halafu zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Desemba huwa nyingi kwa sababu kila mtu kweli anatumiana hela. Mwezi uliopita baba yako alipata moja, ikisema ni wewe, simu imeharibika, na alikuwa ameshafika kwa wakala nilipomkimbilia. Tukubaliane hivi: mimi sitakuomba fedha kwa meseji hata siku moja. Nitapiga, utasikia sauti yangu, na ukiwa na shaka niulize jina la ng'ombe wa bibi. Jina hilo usiliandike popote. Namba za matapeli ziripoti kwenda 15040, na ubonyeze *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Likitokea jambo, piga 112, kisha utupigie sisi, saa yoyote. Hatutakuuliza kwa nini ulikuwa pale wala kwa nini hukusikia. Tutauliza uko wapi, tuje.

Mwaka jana ulikuja na begi moja la nguo, ukaona haya. Mimi nilimwona mwanangu ameingia mlangoni mzima. Ndizi zipo, mbuzi baba yako ameshamtenga, blanketi lako nimelifua.

Ukifika Same nipigie. Baba yako atakuwa Njia Panda mapema, kwenye ule mti, na sasa anajua kwa nini nimemwambia asimame hapo.

Mama yako