Shukrani kwa dereva wa lori, Nullarbor (nyika ya kusini mwa Australia)

Mzee wetu wa lori la matrela mawili, jina lako hatukulipata, lakini ahsante sana. Tulikuwa tumetoka kuteleza na mawimbi Margaret River na kupanda mlima Bluff Knoll, tunaelekea mashariki, tairi likapasuka kati ya Balladonia na Caiguna, kwenye ile barabara isiyo na kona kwa kilomita 146. Mtandao hakuna, kivuli hakuna, na jeki ya gari la kukodi (jamani!) ilikuwa kama ya kuchezea watoto. Ukasimama, ukafunga spea, ukatujazia madumu ya maji, ukatukataza kuendesha usiku kwa sababu ya kangaruu. Pesa ukakataa katakata. Tulipiga hema Caiguna. Kofia uliyoisahau kwenye boneti yetu tumeiacha kaunta, kituo cha mafuta.